Fayawoli Mpya na Vifaranga wa Mama wa Chakol

Mimi ni mtu wa kutia chumvi. Wanaonijua hukata nusu ya kila ninachosema kabla hata sijamaliza. Nikisema mvua ilinyesha Busia mpaka samaki wakaabiri boda, wao huelewa kwamba kulikuwa na manyunyu kidogo upande wa soko. Sina ugomvi nao. Ila habari ya siku ile ya Malaba huisimulia bila chumvi, na pengine ndiyo sababu siisimulii sana.

Wakati huo nilikuwa nimetoka masomo ya jioni moto moto. Miaka mitatu nilishinda kutwa nikiuza vipuri vya baiskeli, na jua likizama naingia darasani pamoja na mabawabu, mwalimu mmoja wa chekechea na kina mama wawili waliokuwa wakisinzia kwa zamu. Nikatoka na cheti cha mitandao ya kompyuta. Nilikitia kwenye fremu kubwa kiasi kwamba ingetosha kuwa mlango wa choo. Nikanunua begi la mgongoni lenye mifuko kumi na minne, na kila mfuko nikautia bisibisi. Mtu akilalamika tu kwamba redio yake inakwaruza, mimi nimeshafika.

Ndivyo nilivyoitwa Malaba, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kompyuta moja ilikuwa imeingiliwa na virusi, na mwenye ofisi akaagiza fayawoli kabla ya kusafiri. Fayawoli ni kisanduku kidogo, hakizidi sahani ya ugali. Hukaa kati ya kompyuta za ofisi na intaneti, kikiamua nani apite na nani abaki, sawa na askari wa geti, ila chenyewe hakina binamu wala hakiombi chai. Nilimwambia mwenye ofisi kwa simu kwamba kazi hiyo ningeifanya nimefumba macho. Saa mbili asubuhi nikachomoa waya wa zamani, nikachomeka fayawoli, na ofisi nzima ikakosa intaneti papo hapo.

Kulikuwa na watu watatu. Dada wa mapokezi alikuwa na laptopu yake mezani, mbele kabisa. Karani, mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za karatasi na mihuri, alikaa chumba cha nyuma na kompyuta kubwa ya mezani. Hiyo ndiyo kompyuta pekee iliyokuwa na ufunguo wa kuingia kwenye mfumo wa forodha. Bila hiyo, hakuna mzigo wa ofisi ile uliotoka yadi ya forodha. Na kwenye benchi alikaa mama mmoja wa makamo, ameshikilia bahasha ya kibali cha daktari wa mifugo.

Huyo mama alikuwa ametoka Chakol. Nilipokuwa chini ya meza nikifuatilia waya, nilimsikia akimsimulia dada. Alikuwa ameagiza vifaranga elfu moja wa siku moja kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Walikuwa wametoka kwenye mashine ya kuangulia alfajiri ile ile, wamevuka daraja salama, na sasa gari lilikuwa yadini likingoja tu karani aingize karatasi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameachishwa kazi ya kupika shuleni. Nyumba ya kuku aliijenga yeye na dada yake, matofali waliyachoma wenyewe. Alisema wakifa hawa, hakuna wengine, ng'ombe alishauza.

"Ukitoka hapa ni nusu saa mpaka kwangu," alisema. "Nikifika saa nne, wananywa maji, basi."

"Utafika mama," dada akamwambia. Kisha akainama chini ya meza kunitazama. "Fundi, hutuambii?"

"Nipe dakika tano."

"Dakika tano za saa ama za fundi?"

Mama alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nikaingia ndani ya fayawoli yenyewe na kujaribu intaneti kutoka pale. Iko, safi. Nikajaribu kutoka kompyuta za ofisi: hakuna. Kwa hiyo waya wa nje ulikuwa mzima, na ni kisanduku changu kilichokuwa kikiwazuia watu wa ndani wasitoke. Nilijiona daktari bingwa. Nikaandika amri mpya ya kuruhusu kila kompyuta ya ndani itoke nje, nikahifadhi, nikapiga makofi mara moja.

"Dada, jaribu sasa."

Akabonyeza. Kwa macho yangu niliona ukurasa wa magauni ya harusi ukifunguka, picha moja baada ya nyingine.

"Imeshika, boss."

"Na wewe mzee?"

Sauti ikatoka chumba cha nyuma, haina haraka. "Hapa inazunguka tu. Lakini hiyo ni sistimu. Si unawajua hawa watu. Itaamka."

Hapo sina budi kueleza kitu kuhusu Malaba. Pale, mfumo wa forodha ukikwama, hakuna anayeshangaa. Watu husema sistimu iko chini, wanakunja mikono, madereva wanatandika maboksi chini ya matrela na kulala. Nimeona watu wakingoja sistimu kwa utulivu ambao kanisani haupo. Mzee aliposema ni sistimu, nilikubali kama vile amesema jua linawaka. Sikuingia hata kuangalia kioo chake. Ilikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa.

Nilifunga mifuko yangu kumi na minne, nikavuka barabara kwenda kula.

Nilikula samaki mzima na ugali wa wimbi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshinda, niliwasimulia waliokuwa mezani jinsi nilivyoifungia ofisi ile fayawoli ambayo hata jeshi lisingeipenya. Niliongeza kwamba kuna benki tatu zilikuwa zinanitafuta. Nikaagiza chai. Nikaagiza ya pili. Jua lilikuwa limeshika lami mpaka unaona barabara inatetemeka.

Yule mama aliniona kutoka mlangoni. Aliingia akasimama kando ya meza, leso ameishika mkononi, imelowa jasho.

"Wewe ndiye fundi wa pale?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu samaki."

"Wanasema sistimu iko chini. Nimeenda kwa wakala jirani. Kwao iko. Wamepitisha magari manne nikiwa nimesimama hapo."

Niliacha pesa mezani na kuondoka, naye akinifuata.

Dada alikuwa bado mezani, laptopu wazi. Nikamwambia anionyeshe intaneti yake inatoka wapi. Akainua simu kutoka chini ya karatasi.

"Ya hii. Laini yangu ya ng'ambo."

"Si ulisema imeshika?"

"Uliniuliza kama iko, nikaona iko. Ile ya ofisi ikipotea sisi huwa tunaweka tu ya simu. Hata kabla hujaingia chini ya meza nilikuwa nimeweka. Hapa nani hafanyi hivyo, boss?"

Alikuwa mkweli. Pale mpakani mtu mwenye laini moja ya simu ni mgeni. Kila mmoja ana ya huku na ya kule, na huruka kutoka moja hadi nyingine bila kufikiri, kama unavyobadilisha mkono wa kubebea kikapu. Hata mimi nilikuwa nazo mbili mfukoni. Nilikuwa nimepima kazi yangu kwa simu ya dada, na kazi yenyewe haikuwa imefanya chochote.

Nikaingia chumba cha nyuma. Karani alikuwa amekunja mikono mbele ya kioo, kiduara kinazunguka.

"Mzee, umengoja wakati huu wote bila kuniita?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, mimi nimewahi kungoja sistimu siku tatu. Masaa matatu unaita kungoja?"

Niliketi chini na kuanza upya, safari hii bila makofi. Ugonjwa niliupata mapema, na uliniaibisha kwa udogo wake. Ndani ya ofisi kila kompyuta ina anwani ya kinyumbani, mfano wa jina la utani ambalo majirani tu ndio wanalijua. Ikitaka kutoka, lazima fayawoli iivishe anwani moja inayojulikana duniani, ili majibu yajue pa kurudi. Mimi nilikuwa nimefungua mlango tu. Maombi ya mzee yalitoka tangu asubuhi, moja baada ya jingine, yakiwa na majina ya utani, na hakuna aliyejua amjibu nani. Tiba ilikuwa kisanduku kimoja kwenye kioo, cha kuweka tiki. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha hicho kitu mara mbili.

Niliweka tiki. Chumba cha nyuma kiduara kikasimama.

"Imeamka," karani akasema, akaanza kuandika kwa vidole viwili.

Mtu wa kazi hii atauliza kwa nini asubuhi ile sikurudisha waya wa zamani, mzee apitishe mzigo mmoja kwanza. Ingechukua dakika moja. Jibu ni kwamba ningeonekana nimeshindwa na kisanduku.

Karatasi zilipotoka ilikuwa imepita saa saba. Nilienda yadini na yule mama, sijui kwa nini. Pengine miguu yangu ilikuwa na akili kunizidi. Mzigo haushushwi kabla karatasi hazijatoka, hiyo ndiyo sheria, kwa hiyo maboksi yalikuwa yamekaa vile vile yalivyopangwa, moja juu ya jingine, ndani ya gari lililoegeshwa kwenye saruji isiyo na kivuli. Dereva, Mganda mwembamba, alikuwa amefunua turubai na alikuwa akipepea kwa kifuniko cha boksi. Mkono mmoja ulikuwa umechoka, alikuwa akitumia wa kushoto.

Asubuhi nilikuwa nimepita karibu na gari lile nikaenda zangu, na kelele yake ilikuwa ya mvua ya mawe juu ya mabati. Sasa ungeweza kuzihesabu sauti.

"Nyabo," dereva akamwambia mama kwa heshima ya Kiganda, "wale wa chini wamenyamaza."

Tulitoka geti, tukaegesha pembeni mwa barabara kwenye kivuli cha ukuta. Mama akateremsha maboksi yeye mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Akafungua la kwanza, akaangalia, akalifunga. Akafungua la pili. Kisha akachukua gunia tupu kutoka chini ya kiti cha dereva akanipa.

"Wewe shika hili. Walio hai weka upande wangu."

Kifaranga aliyekufa kwa joto haonekani amekufa. Amelala tu, manyoya yamelowa, shingo imenyooka kama anayetafuta hewa mbele yake. Inabidi umshike kiganjani uone kama kuna kitu kinachopiga. Nilianza kwa haraka, mama akanizuia.

"Polepole. Kuna mwenye anapumua hapo umetupa."

Nikaingiza mkono guniani nikamtafuta. Sikumpata. Nilimwaga wote chini nikawashika mmoja mmoja tena. Watu walikuwa wakipita, wengine wakisimama. Mwenye boda mmoja akauliza kama tunauza hao waliokufa, wa kulisha mbwa. Mama alimjibu hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaendelea.

Walio hai hawakufika mia tatu. Gunia lilijaa, tukatafuta la pili.

Nilipanda nao gari kwenda Chakol. Hakuna aliyeniita wala aliyenifukuza. Nilikaa katikati, boksi mapajani, nikalishikilia lisirukeruke kwenye mashimo. Ofisini dada na karani walikuwa wamemwambia mama kwaheri na pole, kwamba sistimu ya leo ilikuwa mbaya. Wangeendelea kusema hivyo, na mwenye ofisi angeamini, na mimi ningelipwa. Tulipita soko zima nikitafuta maneno, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia.

"Mama, haikuwa sistimu. Ilikuwa kosa langu."

"Najua," akasema. "Si nilienda kwa jirani."

Dereva alibadilisha gia.

Nyumba ya kuku ilikuwa nyuma ya jiko, mpya, mlango bado unanuka mbao. Ndani walikuwa wamezungusha karatasi ngumu duara kubwa, wakatandaza maranda ya mbao yaliyokauka vizuri. Vyombo vya maji na vya chakula vilikuwa vimepangwa safu kwa safu mpaka ukutani, vimejazwa. Jiko la makaa lilikuwa katikati, jekundu, na dada yake mama alikuwa amechuchumaa kando yake akilipuliza, uso umejaa majivu. Alikuwa amelichochea tangu kuche, alisema, joto lisishuke watakapofika.

Tukawamwaga. Wakasimama kidogo, wakayumba, kisha wote wakakimbilia kona moja wakabanana hapo. Sehemu iliyobaki ya duara ilikuwa sakafu tupu na vyombo.

Dada yake akainuka, akachungulia nje kwenye gari.

"Wengine wanakuja na gari gani?"

Mama alikuwa ameshaanza kuokota vyombo vya maji, kimoja kimoja, akimwaga maji nje ya mlango na kuvipanga ukutani kimoja ndani ya kingine.

"Ni hawa," akasema.