Chupa Mbili za Ta Gosbert

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya wilayani Muleba, Mganga Mfawidhi alinipa sinia dogo na kijiko bapa, akaniambia nihesabu vidonge mia moja. Nikahesabu. Akasema, "Rudia." Mara ya pili nikapata mia na kimoja. Hakucheka.

"Binti, hesabu ya kwanza ni ya mgonjwa. Ya pili ni ya hakimu."

Nilidhani ananitania. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimehesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za kanisa.

Ninyi mnaoanza leo kazi ya kutoa dawa mtakuta kompyuta. Sisi tulikuwa na rejesta, kitabu kikubwa chenye safu ya jina, ya dawa, ya idadi, na ya mwisho ya maelezo aliyopewa mgonjwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, maana watu wetu hupatana dozi kama wanavyopatana mkungu wa ndizi. Ukisema siku saba, anauliza kama tano hazitoshi. Nami nimelelewa sokoni, kati ya "punguza" na "ongeza". Nilijua pa kukaza na pa kulegeza, au ndivyo nilivyojiambia.

Baadaye nilihamia hospitali moja ya binafsi mjini Bukoba, chini ya Mfamasia Mkuu, mtu wa tai na mwandiko mzuri. Hapo ndipo alipokuja Ta Gosbert, mkulima wa kahawa kutoka Kaagya, mzee mwenye presha. Daktari alitaka kumwangalia utumbo mpana kwa kamera. Kabla ya kipimo hicho utumbo lazima uwe mtupu, kwa hiyo alikuwa ameandikiwa chupa mbili za dawa ya kusafisha tumbo, ile ya chumvi ya fosfeti. Chumvi hiyo huvuta maji ya mwili na kuyamwaga tumboni. Mgonjwa asipoyarudisha kwa kunywa, figo ndizo zinazolipa, hasa za mzee anayemeza vidonge vya presha.

Kwenye dirisha la kutolea dawa nilizihesabu chupa mara mbili. Zilikuwa mbili.

"Ya kwanza saa kumi na mbili jioni, tata. Ya pili saa kumi na mbili asubuhi. Kila moja na glasi sita za maji."

"Asubuhi hiyo nitakuwa juu ya bodaboda nakuja huku, waitu. Unataka nimwaibishe kijana wa watu njiani?" Kwetu "tata", au "ta" kwa kifupi, ni baba, na "waitu" ni neno la kubembeleza.

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka.

"Basi anza saa kumi jioni. Ya pili saa nne usiku."

"Saa nne nimeshalala. Fanya saa mbili. Na maji glasi mbili."

"Tano."

"Tatu, Ma Leokadia. Mimi si ng'ombe."

Tukakubaliana saa mbili usiku, na glasi tatu. Akaenda zake ameridhika, nami nikaandika kwenye rejesta kama mkono ulivyozoea: muda wa saa kumi na mbili kati ya chupa, glasi sita kila moja.

Kipimo kilitoka safi. Baada ya wiki chache alirudi miguu imevimba na mkojo haupatikani. Figo zilikuwa zimekufa. Ikawa kusafishwa damu kwa mashine huko Mwanza, kila wiki.

Familia ikashtaki hospitali. Mzee alisema mama wa dirishani ndiye aliyempa muda wa saa nne tu kati ya chupa, na glasi tatu. Wakili wetu akafungua rejesta na kusema mzee amesahau. Hata mwanawe alianza kumwambia, "Tata, labda ulichanganya. Umri nao." Kwa hiyo figo zilikwenda, na sasa akili yake nayo ilikuwa inadaiwa ithibitishwe.

Asubuhi ya ushahidi wangu Mfamasia Mkuu alinivuta pembeni mwa ukumbi wa mahakama.

"Kitabu kimekulinda, Leokadia. Wewe soma kilichoandikwa, basi."

"Na nikiulizwa nilichosema?"

"Umebakiza muda gani ustaafu?"

Nilikuwa nimeuhesabu mara mbili. Miezi saba.

Kizimbani nilisoma mistari yangu yote. Mwandiko ulikuwa wangu. Kisha hakimu akauliza kama ndivyo nilivyomwambia mgonjwa. Nikamtazama Ta Gosbert kwenye benchi. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mikono yake, kama mtu ambaye ameshaanza kuamini kwamba alisahau.

"Hapana, mheshimiwa. Tulipatana. Mzee anakumbuka sawasawa."

Hospitali ilikubali kugharamia matibabu yake. Mimi niliondolewa dirishani, nikamalizia miezi yangu saba stoo nikihesabu maboksi. Sherehe ya kuniaga haikuwepo, na soda zilizookolewa sijui nani alizinywa.

Sasa nakaa Hamugembe, hapa hapa mjini Bukoba. Kila baada ya sikukuu majirani hununua dawa za kusafisha tumbo kama pipi, na muuzaji haulizi umri, presha wala figo. Ninyi ulizeni. Mkishataja saa na maji, msishuke.

Ta Gosbert akitoka Mwanza hupita kwangu kupumzika. Figo hazitoi tena maji, kwa hiyo amepimiwa kikombe kimoja tu kwa mchana mzima. Juzi kulikuwa na jua kali. Nilimmiminia nusu iliyokuwa imebaki, akainywa taratibu, akanisogezea kikombe.

"Ongeza kidogo, Ma Leokadia."

Nikaufunika mtungi.

"Kidogo tu, waitu. Wewe tunajuana."

Nikaupeleka mtungi ndani.