Gari la Bluu Halijaondoka

Walimwita Kitinda kwa sababu alizaliwa wa mwisho, na jina likamganda hata alipofikisha miaka thelathini na minne na kuwa mchapaji hodari kuliko wote katika duka lao la kuchapa na kurudufu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mengine yote maishani mwake yalikuwa yamekwama, na kukwama kwenyewe kulianzia chumbani kwa kaka yake.

Kaka alikuwa dereva wa lori. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpiga upande wote wa kulia, mkono na mguu, na mkewe akavumilia miezi minne kisha akafunga virago. Akabaki Kitinda. Asubuhi alimvisha, akamnywesha chai, akakimbilia kazini. Mchana alirudi mbio kumpa chakula. Jioni alimkuta palepale dirishani, amenuna. Hakumchukia. Alimpenda, na ndiyo maana alishindwa hata kulalamika kwa sauti.

Kisha ikaja barua. Kiwanda cha uchapaji katika mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi, kilimtaka awe msimamizi. Jibu lifike kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Mama mdogo alikubali kuhamia kwa kaka, ila hakuficha neno.

"Kupika nitapika, kufua nitafua," alisema. "Lakini kushinda namliwaza mtu mzima, mwanangu, siwezi. Nina cherehani yangu. Mtafutie cha kumshughulisha."

Cha kumshughulisha kilijulikana. Utotoni walikuwa na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, na mbio za magari ndizo zilizowatoa jasho: gari jekundu la kaka, la bluu la Kitinda, na ole wake atakayebadilisha. Mashine iliungua zamani, kaseti zake zikabaki kwenye boksi chini ya kitanda. Fundi kompyuta aliyepanga jirani na duka alizihamisha gemu hizo kwenye kompyuta kuukuu, akamweleza kwamba sasa inatakiwa emuleta, yaani programu ya kuifanya kompyuta ijifanye ile mashine.

"Zipo tele," alisema fundi. "Hii nyepesi, haina makuu. Hii ya pili ina kila kitu, mpaka vitu usivyovihitaji. Ya tatu inaiga mashine ya zamani sawasawa, lakini kompyuta yako itahema."

"Mimi nataka ya mtu wa mkono mmoja."

"Basi zijaribu zote, dada. Mchezaji ndiye anayejua."

Akaanza na nyepesi. Vitufe vya kaka alivipanga kushoto mwa kibodi, vya mchezaji wa pili vikabaki kulia. Kaka akacheza dakika tano, akasonya. "Sauti inakwaruza." Ya pili nayo ikamshinda: "Menyu gani hii, utadhani najaza fomu ya pasipoti!" Ya tatu ilihema kweli. "Nikikata kona, gari linafikiri kwanza," alisema, akaisukuma kibodi.

Wiki tatu zikayeyuka hivyo. Mama mdogo alipiga simu kila jioni kuuliza kama imepatikana. Haijapatikana. Barua ilichakaa mikunjo ndani ya mkoba, na Kitinda akaanza kukosa pumzi hata akiwa amekaa tu.

Alhamisi, siku moja kabla ya muda wa kujibu kwisha, aliomba ruhusa ya nusu siku. Kaka alikuwa anasinzia kitini baada ya kula. Kitinda akafungua kompyuta ili aifute ile nyepesi, apate nafasi ya kuweka ya nne. Chini ya jina la gemu, programu ilikuwa imejiandikia: muda uliochezwa, saa arobaini na moja. Mara ya mwisho, leo saa nne asubuhi.

Damu ikamchemka. Saa arobaini na moja! Wiki tatu nzima alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na aliyempaka ni huyu ambaye yeye mwenyewe alimkatia nyama kwenye sahani dakika ishirini zilizopita.

Akafungua mbio zilizohifadhiwa. Kila moja ilikuwa na picha yake ndogo, na kila picha ilikuwa imegawanyika katikati. Juu, gari jekundu lilikuwa mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano. Chini, gari la bluu limesimama kwenye mstari wa kuanzia. Picha zote hivyohivyo. Na mbio za wawili hazianzi mpaka mchezaji wa pili naye abonyeze kitufe chake, kule mwisho wa kulia. Kaka alikuwa anauvusha mkono wake wa kushoto kibodi nzima, anambonyezea, kisha anarudi kwenye gari lake.

Alipogeuka, kaka alikuwa macho.

"Uliniambia haifai," Kitinda alisema.

"Haifai."

"Haifai nini, kaka?"

"Haina mtu kwenye la bluu."

"Nabanwa, kaka. Humu ndani nabanwa, nitakufa."

"Najua. Na mimi nimebanwa, Kitinda, tena mimi siwezi hata kuandikiwa barua." Kumbe habari za barua alizijua.

Kitinda alitoka uani, akampigia fundi. "Katika zile zote, ipo inayochezwa na watu wawili walio mbali?"

"Ya pili, kwa intaneti. Hilo ndilo lingekuwa swali lako la kwanza! Lakini lazima muwepo wote kwa wakati mmoja. Mmoja akitoka, mwenzake anakwama."

Akarudi ndani, akaijibu barua kwa simu: nakuja. Kisha akaifungua ile ya pili, akampangia kaka vitufe vyake upya, kimoja kimoja, kushoto. Kaka aliivuta kibodi karibu.

"Saa kumi na mbili jioni?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku," Kitinda alisema, na papo hapo akausikia uzito wa alichokisema. Kaka alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe cha kuanza.