Jante za Mkubwa na Maji ya Bluu

Miaka ile ya Zaire nilikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa kiwanda cha shaba, Kolwezi, na sitaficha, kichwa kilinivimba. Gari lake lilikuwa na jante, yaani rimu za magurudumu, za alumini, nyeupe, wakati magari mengine mjini yalitembelea chuma cha kawaida. Madereva wenzangu walinitania kwamba jante zinalala kitandani na mke wangu analala chini. Waliona wivu tu.

Mkubwa alikuwa mhandisi, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mpole wa sauti. Siku ya kwanza alinionyesha mwenyewe: jante iachwe ipoe, ioshwe kwa sabuni na kitambaa laini, ikaushwe, kisha ipakwe nta ili vumbi la breki lisishike. "Hii haiko chuma, citoyen," aliniambia, maana siku hizo sote tuliitwa raia. "Usiweke kintu kikali." Nilimtii mwaka mzima. Kisha nta ikaisha madukani, na baadaye sabuni nayo. Vumbi la breki likachanganyika na la mgodi, likaungulia juu ya jante mpaka likawa ganda.

Miezi hiyohiyo vitu vilianza kupotea kiwandani: nyaya, vipande vya shaba, hata asidi. Wakubwa waliacha kusema wizi, wakaanza kusema hujuma, na neno hilo lilitutia baridi. Mtu alichukuliwa kazini asubuhi, na jioni jirani zake walikuwa wameshaacha kupita mbele ya nyumba yake. Wengine walirudi wamekonda. Wengine hawakurudi.

Hata hivyo, huku kwetu Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hakuna nyumba iliyokosa chupa ya maji ya bluu. Ni asidi ya kwenye mabwawa ya kiwandani ambamo shaba hutengenezwa, na shaba yenyewe ndiyo inayoyapa rangi. Tuliyatumia kuondolea kutu ya vitanda na madoa ya sakafu. Baba zetu walifanya vivyo hivyo, nasi hatukuona kuwa ni wizi. Wanawake tu ndio waliokataa yasikaribie sufuria, kwa kuogopa sumu.

Jirani yangu alifanya kazi kwenye mabwawa hayo. Wake zetu walichota maji bomba moja. Mtoto wangu alipozidiwa na homa, ni yeye aliyembeba kwa baiskeli mpaka hospitali, mimi nikiwa safarini na mkubwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu, na mimi nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti mbele yake.

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani nikiliosha gari. Saa sita mkubwa alitakiwa uwanja wa ndege kupokea wageni wa Kinshasa. Nilisugua mpaka vidole vikauma, ganda halikutoka. Jirani yangu akapita, anatoka kazini.

"Tata, unajichokesha bure," alisema. "Mi niko na ile maji kwa nyumba. Tupake kidogo, hii buchafu yote itatoka."

Nilimwambia mkubwa amekataza kitu kikali.

"Mukubwa haoshake jante," alijibu. "Ni weye unaosha."

Tulicheka. Akaleta chupa, tukasugua pamoja kwa nyuzi za chuma. Ganda lilitoka, jante zikang'aa, nami nikafurahi kama mjinga. Zilipoanza kukauka, wekundu ulijitokeza pembeni, ukatambaa, ukawa kahawia. Tulisuuza, tukasugua tena, wapi. Shaba ilikuwa imetoka ndani ya maji na kuishika alumini. Sisi watoto wa shaba, tuliozaliwa na maji hayo ndani ya nyumba, hatukuwa tunalijua hilo.

Jirani yangu alitazama magurudumu yote manne. Akachukua chupa yake, akaenda kwake bila kuniaga.

Nililipeleka gari kwa mkubwa hivyohivyo, naye akatoka amevaa abakosi yake mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Alichuchumaa penye gurudumu la mbele, akakwaruza kwa ukucha, akautazama ule ukucha muda mrefu.

"Hii ni shaba," alisema polepole. "Hii maji inatoka mu kiwanda. Weye haufikake kule ndani, citoyen. Ni nani alikupa?"

Ningeweza kusema nimenunua sokoni. Ningeweza kusema nimeokota. Hakunipiga, hakupaza sauti, wala hakunitisha kwa neno lolote. Nilimtajia jina kabla hajasimama. Aliliandika katika daftari dogo, akaniambia nifungue mlango, tukaenda uwanja wa ndege.

Kesho yake walimchukua jirani yangu mbele ya wenzake. Mimi nilibaki dereva. Jante ziliamriwa zipakwe rangi nyeusi, na mkubwa hakulitaja tena jambo lile.

Baada ya wiki moja mke wa jirani alikuja kwangu na sahani ya karanga, kwa sababu mtu haombi mikono mitupu.

"Tata, weye unabebaka ule mukubwa kila siku," alisema. "Mi sina mutu mwingine wa kutuma. Umuulizie tu, wapi balimupeleka bwana yangu."

Nilizipokea karanga. Nilimwambia nitauliza. Nilimwendesha mkubwa miaka mitatu zaidi na sikuuliza, na kila mama yule aliponisalimu penye bomba nilimjibu kwamba wakubwa bado wanatafuta.