Kobe Aliyepakwa Mafuta

Kwetu mtoto hatoki nje bila kupakwa mafuta. Unamwogesha, unamkausha, unampaka kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, magoti yakishang'aa ndipo anaruhusiwa kuonekana na watu. Mtoto mwenye miguu ya kijivu ni aibu ya mama yake, na hapa Goma, ambako vumbi la mawe ya volkano linaingia hata kwenye sahani, kazi hiyo haina mwisho. Nimelea watoto wanne na kopo la mafuta mkononi. Sisemi haya kujitetea. Nilichomfanyia kobe wa baba yangu nilikifanya kwa moyo mweupe, na kwa kiburi pia.

Baba alifika kwangu kutoka Rutshuru wakati watu wengi walipokuwa wakifika wakikimbia vita, akiwa nyuma ya pikipiki, ndoo ameibana kifuani. Nilidhani ndani mna maharage. Mlikuwa na kobe, mkubwa kama sufuria ya ugali wa watu wawili. Mama alimfuga miaka mingi uani kwake, mpaka alipofariki. Nyumba ilibaki huko, shamba likabaki, kaburi la mama likabaki. Kobe alikuja.

"Huyu akikufa, basi," baba aliniambia siku ile ile, kabla hajanywa hata maji. "Kitu ya mama yako haitabakia hata moja."

Niliwaweka wote wawili sebuleni: baba kwenye kiti kando ya dirisha, kobe kwenye beseni pana miguuni pake. Nje niliogopa. Ukuta wetu wa mawe una matundu, mbwa wa jirani anapita anavyotaka, na jirani mwenyewe alishaniuliza, akicheka, kama nyama ya kobe ni tamu. Dirisha langu lina kioo kikubwa, na jua la asubuhi linaingia mpaka katikati ya chumba. Nilijisifu kwamba nimewapatia jua bila hatari. Tena nilikwenda madukani Birere nikanunua taa ile wanayowashia vifaranga, nikaining'iniza juu ya beseni, iwake umeme ukiwepo.

Baba hakutoka. Alikwenda chooni akarudi, basi. Alisema Goma haina udongo, ni mawe tu, na yeye hajui mtu afanye nini juu ya mawe. Nilimwona anavyopungua, na sikujua la kufanya zaidi ya kumwogesha vizuri na kumpaka mafuta miguu.

Kisha ngozi ya kobe ikaanza kukauka shingoni. Ilikuwa ya kijivu, yenye magamba, kama kisigino cha mtu asiyejali. Nami nilikuwa natarajia akina mama wa kanisani waje kumwona baba. Nikachukua lile kopo.

"Achana naye," baba alisema. "Mama yako hakumupakaka kitu."

"Papa, kule kulikuwa majani. Huku ni mawe. Acha nifanye kazi yangu."

Nilimjibu hivyo, baba yangu mzazi, bila hata kumtazama. Nikampaka kobe shingo, nikampaka miguu, nikamalizia na gamba lake mpaka likang'aa kama kiatu cha harusi. Akina mama walikuja, wakasifu. Basi nikawa nampaka kila asubuhi, na ngozi ilivyozidi kuharibika ndivyo nilivyozidi kupaka.

Baada ya wiki chache ngozi ilibanduka kati ya mguu na shingo, pakawa pabichi, panatoa harufu. Kobe aliacha kula. Mguu mmoja wa nyuma akawa anauburuta. Siku moja nilibonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba, likabonyea, kama mfuniko wa plastiki. Nilishtuka nikaenda jikoni, nikasimama huko bila kufanya kitu.

Daktari wa mifugo niliyemwita ni mtu wa kutibu mbuzi na ng'ombe, upande wa Kibati. Alimgeuza kobe taratibu, akapitisha kidole shingoni, akakinusa.

"Ni nani anamupakaka mafuta?"

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona kwa mtoto yeyote mwenye miguu ya kijivu. Baba alitazama dirishani. Angeweza kunitaja, na ingekuwa haki yake.

"Ni sisi," alisema.

Daktari alitufafanulia bila kutukemea. Mafuta yameifunika ngozi, yameshika uchafu, na kidonda kimepata nafasi chini yake. Gamba ni mfupa, na mfupa wa kobe unataka jua lenyewe. Jua likipita kwenye kioo linabaki na joto tu, ile nguvu ya kujenga mfupa inakwama pale pale kiooni. Taa ya vifaranga nayo ni joto tu. Zipo taa za kazi hiyo, alisema, lakini hapa mjini hajawahi kuziona.

"Na jua munalo bule, mama. Muteremushe inje kila asubui, na kivuli ikuwe karibu, sababu mawe hii inachoma. Mafuta, hapana tena."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema. Hapa guu lililovunjika halikuwa langu.

Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, tukamkausha, tukampaka ile dawa ya kidonda tu aliyoacha daktari. Nikaagiza magunia mawili ya udongo kutoka Kibati, nikaumwaga uani juu ya mawe, kando ya ukuta wenye kivuli. Kilichobaki ni mtu wa kumlinda, na mimi nashona mchana kutwa.

"Nani atamuchunga?" nilijiuliza kwa sauti.

"Mimi," baba alisema, akaomba fimbo yake.

Tangu siku hiyo anakaa nje kila asubuhi kwenye kigoda, mbwa wa jirani anamwogopa. Kidonda kimekauka. Juzi kobe alikula jani la boga, moja tu, na baba aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama alipokuwa hai. Lakini gamba limebaki na mawimbi, mguu bado unaburutwa, na daktari hataki kuahidi kitu. Kila ninapoamka naogopa kwenda kumwangalia.

Leo nilitoka na kopo langu, kwa mazoea. Baba alikuwa amevua viatu, amezika miguu yake kwenye ule udongo mpaka vifundoni, na pale ilipoonekana ilikuwa ya kijivu tupu. Nikachuchumaa mbele yake, nikafungua kopo.

Alirudisha miguu nyuma, polepole, bila hasira.

"Hapana, mutoto yangu," alisema. "Na mimi uniache kidogo."

Nilifunga kopo, nikakaa kwenye udongo karibu na baba na kobe wake.