Niliichapa mwenyewe ripoti ya polisi waliomuua Masalu, mgonjwa wa akili aliyekwenda "kuwaokoa"

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa nimekiona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa miwani. Sijaongeza chumvi. Nilichopunguza ni jina la mji tu, kwa sababu bado naishi hapa na mwanangu anasoma hapa.

Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho, ingawa kuna sehemu mtacheka.

Nina steshenari kwenye senta moja kati ya Ushirombo na machimbo ya upande wa Geita. Kompyuta mbili, mashine ya kopi, picha za paspoti. Ng'ambo ya barabara, hatua kama arobaini, kuna kituo kidogo cha polisi.

Sasa hapa senta alikuwepo mtu anaitwa Masalu. Watu walimwita Foromani.

Masalu hakuzaliwa mgonjwa. Alikuwa foromani kweli, msimamizi wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Siku moja shimo likatitia wadogo zake wawili wakiwa chini. Yeye alikuwa juu, ametoka kunywa uji. Walipotolewa walikuwa wameshakufa, na yeye hakurudi sawa tena.

Alikuwa analala kwenye baraza ya ghala la pamba. Asubuhi anazunguka na kipande cha timba, ule mti wa kuzuia kuta za shimo, urefu wake kama mkono wangu. Akifika kwenye jengo anagonga ukuta mara tatu, anatega sikio, halafu anapiga kelele:

"Tokeni! Inashuka! Tokeni wote!"

Mkitoka anawahesabu kwa kidole, anasema "Haya, wametimia," anaondoka zake. Dakika mbili hazifiki.

Msipotoka anazidi kugonga, huku analia. Machozi kabisa, ya mtu mzima.

Hatari yake ilikuwa hiyo tu wakuu. Miaka minne sijawahi kusikia amemgusa mtu.

Saluni walikuwa wanatoka na marola kichwani. Shuleni mwalimu alitoa darasa la pili zima, watoto wakahesabiwa, wakarudi kuendelea na somo. Kanisani mchungaji alikatisha matangazo, waumini wakatoka, na hakuna aliyepungukiwa neema. Mimi nimetoka mara nyingi sana, nyingine nikinung'unika kwa sababu nina kazi ya mtu.

Hata polisi walikuwa wanatoka! Mkuu wa kituo wa zamani alikuwa anatoka na kikombe chake cha chai, anasimama kwenye mstari na vijana wake. "Foromani, mimi wa mwisho, nihesabu vizuri."

Yule mzee akahamishwa. Wakaja wapya.

Hawa wapya nisiwafiche, walikuja na vifua. Wiki ya kwanza tu walishaanza kusalimiwa kwa lazima.

Basi siku hiyo ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya gulio. Mama Zai, anayeuza vitumbua mbele ya duka langu, ndiye aliyeniita. "Njoo uone, Foromani kaenda kwa wageni."

Nikasimama mlangoni. Masalu alikuwa anagonga ukuta wa kituo. "Tokeni! Inashuka!"

Ndani walikuwa askari wanne. Mmoja akachungulia dirishani akamfokea aondoke. Masalu akagonga zaidi. Kwake yeye, kuna watu wanne ndani ya shimo wanaotaka kufa kwa ubishi.

Mama Zai akavuka barabara na mkono una mafuta. Akapaza sauti gulio zima likasikia:

"Afande, tokeni nje tu! Atawahesabu, ataondoka! Huyo ni mgonjwa, anajulikana!"

Askari wa dirishani akamjibu, "Mama, usitufundishe kazi."

Narudia, maana kuna watu mtakuja na hoja zenu hapa. Aliambiwa. Kwa Kiswahili. Na mwanamke anayejua anachosema.

Mlango ukafunguliwa, wakatoka wawili na bunduki. Na Masalu, wakuu, Masalu akafurahi. Nilimwona uso. Akainua kidole chake akaanza, "Mmoja... wawili..." Akapiga hatua kuelekea mlangoni kuwafuata wale wawili waliobaki ndani, timba bado lipo mkono wa kushoto.

Zikalia risasi mbili.

Akakaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala.

Gulio likatawanyika, nyanya zikakanyagwa. Mama Zai peke yake ndiye aliyebaki amesimama, akisema tu, "Nimewaambia. Si nimewaambia?"

Sasa njooni kwenye sehemu yangu, ambayo ndiyo imenifanya niandike uzi huu.

Saa saba hivi koplo mmoja akaingia dukani kwangu na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Printa ya kituo ni mbovu tangu enzi, kazi zao nyingi nachapa mimi. Akavuta kiti. "Chapa haraka, inatakiwa wilayani."

Nikaanza kuchapa. "Mtu asiyejulikana..."

Nikasimama. "Afande, huyu anajulikana. Ni Masalu."

"Una kitambulisho chake?"

"Sina."

"Basi hajulikani. Endelea."

Nikaendelea. Mtu asiyejulikana alivamia kituo kwa nia ya kupora silaha. Mwanamume mwenye kiatu kimoja na pensi iliyofungwa kwa kamba ya katani, kaja kupora silaha! Ikapigwa risasi ya onyo hewani. Hewa yenyewe ilikuwa kifua cha Masalu, maana nilihesabu risasi mbili na baadaye matundu yalikuwa mawili.

Halafu tukafika kwenye timba. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika "fimbo." Akaangalia kioo cha kompyuta, akafikiri.

"Fimbo haijakaa vizuri," akasema. "Weka nondo."

Nikamtazama. "Afande, mimi nilikuwa mlangoni."

"Ulikuwa mlangoni kama shahidi au kama mchapaji?"

Aliuliza kwa upole kabisa, huku anatabasamu. Na mimi, baba wa familia, mzee wa kanisa msaidizi, fundi wa maneno ya watu, nikafuta fimbo nikaweka nondo. Herufi tano. Nikaprinti nakala tatu, nikampa na bahasha.

Dharau yangu kwa wale askari ni kubwa. Wanne, bunduki mbili, mafunzo ya miezi kadhaa, wameshindwa jambo ambalo mtoto wa darasa la pili analiweza: kutoka nje ya mlango na kusimama. Lakini nikisema ukweli, jioni ile niliyekuwa namdharau zaidi alikuwa anajitazama kwenye kioo cha wateja wa picha za paspoti.

Siku ya tatu akaja mama yake kutoka kijijini upande wa Ushirombo. Mama mtu mzima wa Kisukuma, kaniki begani, miguu ina vumbi la safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wameniambia wewe ndiye unayeandika barua."

Nikamkaribisha kiti. Akaeleza taratibu. Masalu alikuwa na dawa, alipokuwa anameza alikuwa analima vizuri tu. Zilipomzidishia usingizi akaziacha, akatoroka, wakamtafuta mpaka Chato. Sasa amekuja kuchukua mwili, polisi wamemtaka akubali kwanza kwa dole gumba kuwa mwanawe alivamia kituo.

"Nimekataa," akasema. "Wanasema alikuwa na nondo. Wewe unakaa hapa, baba. Uliiona nondo?"

Mama Zai alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikamwambia, "Mama, nondo haikuwepo. Nondo niliiandika mimi."

Nilitegemea anilaani. Akasogeza kiti chake karibu na kompyuta. Kisha akasema, "Basi kaa uandike ambacho kilikuwepo."

Nikaandika. Kurasa mbili. Jina lake kamili, la baba yake, la kijiji. Timba, Mama Zai na maneno yake, jibu la afande, risasi mbili. Mwisho nikaandika kwamba ripoti ya kituo niliichapa mimi na neno fimbo niliambiwa nilibadilishe kuwa nondo. Nikasaini na kuweka namba yangu ya simu. Mama Zai akasaini chini yangu.

Tukaipeleka wilayani wote watatu, nakala nyingine ikaenda mkoani.

Mke wangu alinuna wiki nzima, na sikumlaumu.

Niliitwa polisi wilayani. Nilikaa kwenye benchi kutwa nzima, nikaulizwa kwa nini natoa siri za ofisi. Nikajibu sijatoa karatasi yao hata moja, nimetoa macho yangu. Nilijibu hivyo nikiwa na jasho mpaka kwenye soksi, msije mkadhani mimi shujaa.

Baadaye wakaja watu kutoka mkoani wakachukua maelezo ya watu tisa. Tisa walikubali, jambo ambalo sikulitegemea.

Matokeo? Aliyefyatua alihamishwa kituo. Wakasema ni uhamisho wa kawaida. Koplo wa nondo yupo, tunapishana barabarani, siku hizi anachapishia kwingine. Kesi hatujaisikia.

Kitu kimoja tu mama alikipata. Mwili alipewa bila kuweka dole gumba kwenye uongo, na kwenye kibali cha mazishi liliandikwa jina la mwanawe. Tulikwenda kuzika, gari mbili za watu wa senta. Mkuu wa kituo wa zamani alikuja kwa basi, nguo za kiraia, akasimama nyuma kabisa.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza wewe ni shahidi au mchapaji, ujue ameshajua kwamba wewe ni shahidi. Anachotaka ni wewe usahau.

Wale wa "afande angefanyaje, maisha yake yalikuwa hatarini," karibuni sana, ila mnieleze kwanza mwalimu wa darasa la pili alinusurikaje. Na wa kunitukana kwa ile nondo mnaruhusiwa, nimeshajitukana kuliko mtakavyoweza.

Lakini kabla ya kubishana nawaomba kitu. Kwenye mtaa wako yupo mmoja, analala barazani, mmempa jina la utani. Nenda kaulize jina lake la kweli, la baba yake, na kwao. Lijue wewe, wajue na majirani zako.

Ili siku koplo akija kuchapisha kwamba hajulikani, awakute mnaomjua mmejaa mlangoni.