Mwanamke wa Pembeni Kwenye Picha ya Bibi

Jambo hili nimelikalia kimya karibu miaka miwili, na hata leo nikikumbuka kile kicheko nilichowachekesha watu kwenye kipaza sauti natamani niingie chini ya meza, lakini kwa kuwa mmenibana sana mnataka kujua kwa nini siku hizi nikiombwa kuwa mshereheshaji nakataa, basi nisikilizeni, na mkitaka kunicheka nichekeni hapa mwanzoni, maana huko mbele hakuna cha kucheka.

Bibi yetu, mama yake marehemu baba, anaishi Nyakahura, na sebuleni kwake kulikuwa na picha moja kubwa nyeusi na nyeupe iliyoning'inia juu ya mlango tangu nipate akili. Ilipigwa siku ya Pasaka kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Rulenge, ambako babu alikuwa nyapara wa tajiri mmoja wa kizungu, na siku hiyo tajiri aliwaruhusu wajipange kwenye ngazi za jumba lake wapigwe picha. Babu yuko katikati na koti lake, Bibi ameketi na mtoto mapajani, ndugu za babu wamesimama nyuma wamenyooka kama askari, na pembeni kabisa upande wa kushoto, kama hatua mbili kutoka kwa wenzake, kuna mwanamke kijana amefunga kitambaa kichwani na amebeba mtoto mgongoni. Huyo hakuna aliyewahi kututajia jina lake, na sisi wajukuu hatukuwahi kuliuliza.

Basi familia ikapanga misa ya shukrani kwa ajili ya Bibi, kumshukuru Mungu kwa umri aliomjalia, na mimi (hakuna aliyenituma, nilinyoosha mkono mwenyewe) nikasema ile picha nitaipeleka kwa fundi aisafishe na kuikuza iwe bango kubwa la kuweka mbele ya wageni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi pale Nyamiaga, na walimu mnatujua, tukishazoea kusahihisha madaftari tunadhani tunaweza kusahihisha kila kitu. Nikaishusha picha, nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka Ngara mjini kwa fundi mmoja anayeitwa Shabani.

Siku ya tatu, nikiwa ofisini kwa walimu na rundo la karatasi za mtihani mbele yangu, Shabani akanitumia ujumbe wa wasapu. Alikuwa ameipiga ile picha kwa simu yake, akamzungushia yule mwanamke wa pembeni duara jekundu, na chini yake ameandika: "Mwalimu, upande huu umeliwa na unyevu. Huyu nimtoe?" Mimi bila hata kuweka kalamu chini nikamjibu: "Mtoe tu. Siyo wa familia, ni kibarua wa shambani." Nikarudi kwenye karatasi zangu. Ndiyo hivyo tu, sikutumia hata dakika moja.

Nilipokwenda kuchukua bango nililipenda kweli, familia imekaa katikati vizuri, hakuna doa. Picha yenyewe ya zamani ilikuwa bado inasubiri fremu mpya, na Shabani alikuwa ameshaikata kwa wembe ule upande wa kushoto ili ienee. Niliona. Nikamwambia kazi nzuri.

Siku ya siku, baada ya misa, watu tukahamia nyumbani kwa Bibi, maturubai mawili yamejaa, majirani Wasukuma wamekuja na ng'ombe wa zawadi, padri amekaa mbele, na kipaza sauti ninacho mimi. Baba mkubwa Laurenti alikuwa amefika jana yake kutoka Kahama na binti zake wawili. Huyu ndiye mkubwa wa watoto wote wa Bibi (ndivyo tulivyojua), mzee mpole, mchache wa maneno, na nilipomwamkia shikamoo asubuhi ile alinishika mkono muda mrefu akanishukuru kwa kazi ya picha, mpaka nikaona aibu ya kusifiwa. Sikujua kwamba Bibi alikuwa amempigia simu na kumwambia kuna kitu kwenye hiyo picha kitakuzwa aje akione vizuri, na kwamba ndiyo sababu amewaleta mabinti.

Nikamwita yeye aje avute kitambaa kilichofunika bango. Akavuta, watu wakapiga makofi, na mimi nikaanza kueleza kama vile nilikuwepo, huyu ni babu, huyu ni ndugu yake, na mtoto huyu aliyepakatwa na Bibi ndiye Baba mkubwa wetu mnayemwona hapa. Lakini Baba mkubwa hakugeuka kuwaangalia watu. Alikuwa anatafuta kitu upande wa kushoto wa bango, amelisogelea sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yuko wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, kipaza sauti kikiwa mdomoni, nikasema, "Baba mkubwa, mama si huyu hapa amekupakata, au miwani umeiacha Kahama?"

Watu wakacheka. Turubai zima lilicheka, hata padri. Baba mkubwa akasubiri kicheko kiishe, na kipaza sauti kikayanasa maneno yake kwa sababu nilikuwa karibu naye.

"Huyo amempakata shangazi yako Felista. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Hapa." Akaweka kiganja chake pale bango lilipoishia, kwenye ukuta mtupu.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi aliomba ashikwe mkono, akaletwa mpaka mbele, macho yake hayaoni vizuri lakini upande wa kuangalia alikuwa anaujua. Akaniuliza kwa Kihangaza yule wa pembeni nimempeleka wapi. Kisha, wala hakusema kwa hasira, akaeleza mbele ya watu wote jambo ambalo alikuwa amelificha kwa heshima ya babu, Baba mkubwa peke yake ndiye aliyeambiwa: kwamba yule alikuwa Sesilia, mdogo wake, aliyezaa bila kuolewa, na babu akamkataza kusimama na familia kwenye ngazi za tajiri, ila mpiga picha alipokuwa tayari Bibi akamwita kwa mkono, naye akasogea, zile hatua mbili zilizobaki akaogopa kuzimaliza. Mwaka ule ule homa ilimchukua. Bibi akanyonyesha watoto wawili, wake na wa mdogo wake, na picha nyingine ya Sesilia haipo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikadanganya. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba ni mashine ndiyo iliyokata, tena nikacheka kidogo, nikasema picha yenyewe iko salama kwa fundi, nzima. Baba mkubwa akashusha pumzi, akaniambia, "Basi kesho twende wote nikaione."

Ile safari ya kutoka Nyakahura mpaka Ngara sijawahi kuiona ndefu namna ile. Binti yake mkubwa anaendesha, Baba mkubwa mbele amevaa koti la jana, mimi nyuma na binti yake mdogo, nahesabu vilima, na kila kilima najiambia tukifika juu nitasema, tunafika juu, tunashuka, sijasema. Dukani Shabani alipotuona alielewa, maana alinitazama mimi kwanza. Akatoa picha iliyokatwa. Akatafuta vipande vya karatasi kwenye ndoo, akatafuta chini ya meza, mwisho akasema taka alizichoma Jumamosi. Angeweza kusema, "Mwalimu, si nilikuuliza?" na hakusema. Uungwana wake uliniumiza kuliko kama angenisema. Baba mkubwa akakaa kwenye benchi, ameiweka ile picha magotini, anapitisha kidole kwenye ukingo mpya uliokatwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba Sesilia yumo kwenye simu yangu. Nikaufungua ule ujumbe, na kweli yumo, na mtoto kichwa kinachungulia begani, lakini chini yao yamo maneno yangu. Sasa niwaambie ukweli mbaya: wazo langu la kwanza lilikuwa niitume picha peke yake, maneno niyaache. Kidole kilishafika. Nikakirudisha, nikampa simu yote kama ilivyo.

Alivaa miwani. Akamtazama mama yake muda mrefu, kisha akasoma taratibu kama mtoto anayejifunza kusoma. "Siyo wa familia." Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye sakafu ya duka, na wateja wawili wanatutazama.

"Hata babu yako alisema hivyo," akaniambia. "Inuka, mwanangu."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Akamwomba Shabani amtolee kwenye karatasi ile picha ya kwenye simu. Shabani akajaribu kulifuta lile duara jekundu, akasema linapita juu ya shavu, likifutwa litaondoka na shavu. Baba mkubwa akasema liache. Ikatoka ndogo, yenye ukungu ukungu, kwa sababu ni picha ya picha, akaifunga kwenye kitambaa chake cha mfukoni na akaondoka na binti zake kuelekea Kahama bila kuingia tena kwa Bibi.

Mimi nilirudi kwa Bibi likizo iliyofuata, nikamkuta anaanika maharage, nikakaa naye chini nikachambua nusu nzima ya gunia kabla sijapata ujasiri wa kumwomba anieleze Sesilia alikuwa mtu wa namna gani. Akasema Sesilia alikuwa anaimba vibaya na kwa sauti kubwa, na kwamba yeye Bibi hapendi kuulizwa habari za mdogo wake kanisani mbele za watu, ila pale kwenye maharage anaweza. Basi kila nikienda tunachambua kitu, na ananieleza. Kipaza sauti sijakishika tena, na nimeapa mtu yeyote akinipa picha, hata kama kuna mtu ametokea kisogo tu, sitaigusa mpaka niwe nimeambiwa jina lake na mtu aliyemjua.