Sindano Niliyompa Sista Nabalayo

Mimi nimesema uongo mwingi, na mwingi wake siujutii. Nilisema fisi alikuja kwangu kuomba chumvi, akaniita mama. Nilisema ng'ombe wangu alitoa maziwa mazito hata paka akatembea juu yake bila kulowa miguu. Watu walicheka, wakaenda nyumbani, hakuna aliyeumia. Lakini kuna uongo mmoja ambao kama ungekubali kurudi mdomoni ningeumeza, hata kama ungenikwama kooni. Ni ule niliotunga juu ya Sista Nabalayo, nesi wa dispensari yetu hapa juu ya Njoro.

Wacha kwanza niwaambie yeye ni nani, kwa sababu watoto wa hapa hawakuwahi kumjua.

Alikuja kutoka Kimilili miaka saba iliyopita, na mabegi matatu na gamboti. Mwanamke mrefu, mabega mapana, na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alipewa chumba kimoja nyuma ya dispensari. Mwezi haukuisha, alikuwa amelima kando ya choo akapanda mboga za kwao, murenda, hizi zinazoteleza. Akaniletea bakuli. Kesho yake akauliza, "Mayi, uliona aje mboga?" Mayi ni mama kwa Kibukusu. Nikamwambia nilimpa paka, na paka ameteleza mpaka Rongai, tunangoja arudi. Sista alicheka akashika mti asianguke.

Alikuwa na mtoto mmoja, Travis. Alimwachia mama yake huko Kimilili akiwa na miaka mitatu, kwa sababu kazi yake ni ya kuhamishwa leo hapa kesho kule. Jumapili baada ya kanisa alipanda kwangu kumpigia simu, maana kwangu ni mlimani na mtandao unashika vizuri. Nilikuwa nasikia kila kitu. "Umekula nini? Na kile kikohozi?" Kijana anajibu sawa, niko sawa, kisha simu inarudi kwa nyanya yake. Sista anaitia simu mfukoni anasema, "Mayi, huyu mtoto ananiongelesha kama mtu wa benki." Halafu anageuka kuwatafuta wajukuu wangu kwa macho, na wao wako chini ya kitanda.

Hapo ndipo kosa langu linaingia.

Msichana wangu, Shiko, anakata maua Naivasha. Anakuja mwisho wa mwezi. Watoto wake wawili ninao mimi: Natalie, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia miaka mitano, na Lewis, miaka miwili. Ukitaka kujua kama umezeeka usihesabu miaka, lisha hawa wawili. Lewis alikuwa akipewa uji anaoga nao. Viatu vyake alivitia kwa birika la ng'ombe, kimoja leo, kingine kesho, ili nisipate pea. Natalie naye alikuwa mtoto wa kuweka chakula shavuni. Unampa mukimo saa saba, saa tisa bado iko pale, shavu limevimba, na anakutazama kwa macho ya malaika. Nilimwimbia. Nilicheza kama ndege. Siku moja nilikuwa ndege hadi mgongo ukakataa kurudi kuwa wa mtu.

Lakini pia alikuwa na mambo yake yanayokufanya usamehe. Alikuwa anaosha miguu yangu jioni, kidole kwa kidole, akivipa majina. Kidole changu kikubwa kilikuwa mzee wa kanisa. Kile kilichopinda kilikuwa mlevi. Aliviuliza kama vimeshiba kabla ya kula yeye.

Basi siku moja mukimo iko shavuni, Lewis amepindua maji, ng'ombe analia hajakamuliwa, nikaona Sista Nabalayo anapita kule chini na mkoba wake. Ulimi wangu ukaamka.

"Natalie," nikasema, "unaona huyo? Kwa ule mkoba ana sindano."

"Ya nini?"

"Ya watoto wasiomeza. Ilikuja na lori kutoka Nakuru. Ni ndefu kama mwiko wa kupika ugali wa harusi. Yule mzee wa baiskeli wa kunoa visu huinoa kila Jumamosi, na siku hiyo kuku wote hunyamaza. Na Sista ana pua. Akipita kwa nyumba anasikia harufu ya chakula kilicho shavuni."

Natalie alimeza. Yote, mara moja. Akafungua mdomo nione.

Nilifurahi jinsi gani! Ilikuwa ni kama nimepata mfanyakazi wa bure. Lewis akikataa kunawa uso, sindano. Natalie akikaribia kisima, sindano. Na sikujiwekea peke yangu. Akina mama wa hapa walikuja kuiazima kama vile watu huazima chumvi. Kila mmoja akaongeza ya kwake, mpaka sindano ikapata meno, ikapata jina, ikawa inatembea yenyewe kutafuta watoto wanaokojoa kitandani.

Sista akapita barabarani, "Sasa watoto!" Wanatawanyika kama vifaranga wameona mwewe. Siku za chanjo kilio kilianza getini. Akaanza kutembea na ndizi, akaziacha juu ya kisiki cha mti karibu na kwangu, akajitenga mbali ili watoto wachukue. Wakampa mbwa zile ndizi. Akaniambia, "Mayi, watoto wa hapa wana haya sana." Nikamwambia ndiyo, ni baridi ya Mau, inafanya watoto kuwa na haya. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa naye, nakunywa chai yake.

Halafu ikaja miezi ya minji, hizi njegere. Kila nyumba inachambua minji, na mtoto akipewa maganda anatulia, hiyo ni raha kubwa. Natalie alikuwa kando yangu anapanga mbegu zake kwenye mstari, anazisalimia. Sikuona alipotia moja kwa sikio.

Hakusema. Nikawa namwita haitiki. "Natalie! Natalie wewe!" Ananipa kisogo. Mimi nikadhani ni kiburi, kwa sababu huyo mtoto anacho kidogo, amekitoa kwangu. Siku ya nne nikamshika sikio nikalivuta. Lile lile. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Hiyo picha ninayo mpaka leo, na sijui mtu anaitupa wapi picha ya namna hiyo.

Nikanusa, nikasikia uvundo. Mtoto alikuwa moto kama jiko.

"Ni nini kiko huku?"

"Minji."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Usimwambie Sista," akasema. "Shosho, nimemeza chakula yote. Usimwambie."

Nilijua hapo hapo nilichofanya. Na bado nikaongeza lingine. Badala ya kwenda dispensari, ambayo ni dakika kumi kwa miguu, nilipasha mafuta kidogo nikamtilia sikioni, ati minji iteleze itoke. Niliona aibu kumpeleka. Nilijua Sista atauliza mtoto anaogopa nini, na mtoto atasema. Nikasema nitajaribu leo tu. Minji ikavimba zaidi. Asubuhi shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, nikamfunga mgongoni kwa leso nikatoka. Alipojua njia ni ya wapi, alishika mti wa geti kwa mikono miwili. Nikamtoa mkono mmoja, mwingine unarudi. Akaning'ata. Nikakaa chini pale pale getini tukalia wote wawili, na Lewis akaja akalia pia bila kujua tunalilia nini.

Sijui nani alimwambia Sista. Alikuja mwenyewe, bila koti jeupe, na gamboti za shamba. Natalie akajificha ndani ya sketi yangu.

"Mayi, mtoto ana nini?"

"Minji kwa sikio. Siku tano sasa."

"Siku tano! Na mimi niko hapo chini?"

"Anakuogopa."

"Wote wananiogopa. Lakini siku tano, mayi?"

Ningeweza kumpa hadithi. Zilikuja tatu kwa mstari, nzuri zote. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka kwa magoti yangu, nikasema, "Ni mimi, Sista. Nilimwambia una sindano kubwa kama mwiko. Ya watoto wasiokula. Wote walitoa kwangu."

Sista alitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema. "Mimi nilidhani ni sura yangu."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Akachuchumaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie ukweli basi. Mwambie sasa."

Nikamtoa Natalie kwa sketi. "Natalie, sikiza shosho. Hakuna sindano kama hiyo. Nilikuwa nacheza. Sista ni mtu mzuri, anataka kuona sikio tu."

Natalie alinitazama vizuri, kama mtu mzima anavyotazama muuza mbuzi sokoni.

"Unadanganya," akasema.

"Siku hii sidanganyi, mama."

"Unadanganya, shosho. Ndio anishike."

Nikaapa kwa Mungu. Nikaapa kwa ng'ombe. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyolia, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiapa hata kwa fisi wa chumvi. Mwishowe ilibidi nimshike kwa nguvu, miguu na mikono, Sista amulike kwa tochi. Alitazama kidogo tu akazima. "Hii siigusi. Imevimba na kuna usaha. Twende Nakuru."

Akatupeleka yeye. Aliita gari, akaketi mbele, hakugeuka nyuma safari nzima, kwa sababu angegeuka Natalie angepiga kelele. Hospitalini alisimama kwa dirisha akaeleza yote. Mtoto akalazwa usingizi na minji ikatolewa. Wakanionyesha. Najua mnangoja niseme ilikuwa imeota majani. Haikuota. Ilikuwa minji tu, nyeusi, kubwa kidogo kuliko nyingine. Lakini ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, na daktari akasema sikio la kushoto halitasikia tena kama zamani.

Shiko alikuja kutoka Naivasha jioni hiyo. Nilimweleza. Alikaa kwa ukingo wa kitanda akimshika mtoto mguu.

"Mami," akasema, "hata mimi ulinitisha na daktari nikiwa mdogo. Ulisema anang'oa kucha."

"Nilisema hivyo?"

"Nilijifungua huyu nikiwa nimefunga macho."

Kesho yake akarudi kwa maua, kwa sababu angefanya nini.

Niliporudi nyumbani nilijaribu kuirudisha ile hadithi. Niliita watoto wa majirani, nikawapa nduma, nikawaambia sindano haiko, ni mimi niliitengeneza kwa mdomo. Walikula nduma. Kisha mmoja akasema, "Shosho, tuambie ile ya ikimfuata mtoto mpaka Olenguruone." Mimi sikuwahi kutunga hiyo. Nilikuwa mwenye shamba ambaye hata hajui mipaka tena. Akina mama nao niliwaomba waache. Wakasema ndiyo, ndiyo, na jioni nasikia ng'ambo ya ua, "Kula, ama nimuite Sista!"

Sista Nabalayo hakuwahi kulitaja jambo hilo tena. Jumapili aliendelea kuja kupiga simu, lakini sasa alisimama nje kwa ua, na alipomaliza aliteremka. Mwaka jana barua yake ya uhamisho ikatoka, ya kwenda karibu na kwao. Nilimwambia ni vizuri, atakuwa na Travis. Akasema Travis sasa ana miaka kumi na sita, amemzidi kimo. "Sijui atanikaribisha ama atanipa kiti kama mgeni," akasema, na hakucheka.

Siku ya kuondoka nilimleta Natalie kumuaga. Pikapu ilikuwa tayari inanguruma. Natalie alisimama mbali, nyuma ya ua wa dispensari, amegeuza sikio lake la kulia upande wetu. Sista alimuona. Akachukua mkoba wake akaumwaga wote kwenye nyasi. Kitana, leso, biskuti, funguo, kitabu cha nyimbo. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

Natalie alichungulia. "Na ile begi?"

Sista akafungua begi. Nguo za ndani, blanketi, picha ya kijana mdogo kwa fremu.

"Na ile ingine?"

Dereva akapiga honi. "Mathe, tunachelewa!"

"Ngoja," Sista akasema. Akashusha mabegi mawili yaliyobaki kutoka kwa gari, akayafungua pamoja na boksi la vyombo, akapanga sufuria zake moja moja kwenye nyasi, akageuza gamboti juu chini mbele ya mtoto. Maisha ya miaka sita yalikuwa pale nje, watu wanapita wakitazama. Natalie alitoka nyuma ya ua. Alikuja polepole, akatazama ndani ya sufuria ya mwisho, akatazama uso wa Sista. Alikuwa amefika hatua mbili kutoka kwake. Sista hakunyoosha mkono. Alikaa tu kwa magoti, mikono kwenye mapaja, vidole wazi.

Kisha Natalie akakimbia, akarudi kwangu, akanishika sketi.

"Si kitu," Sista akaniambia. "Usimlazimishe."

Nilipiga magoti kwenye nyasi nikamsaidia kukunja nguo. Nilikunja blanketi, nikakunja sketi, nikafunga sufuria kwa gazeti. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, nilikunja mpaka tukamaliza, na gari likaondoka.